Kwenye Dirisha Jeusi la Linux, Jua Kwanza Nani Anakusikiliza

Tangu Microsoft isitishe huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye laptopu za miaka ya nyuma wamekuwa wakiuliza waende wapi. Windows 11 inadai prosesa mpya kiasi na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na laptopu nyingi za mtumba zilizo mikononi mwa watu hapa Tanga hazifikii masharti hayo. Fundi akiitazama mashine, jibu lake siku hizi mara nyingi ni Linux: Ubuntu au Linux Mint. Mashine inakuwa nyepesi, kivinjari kinafunguka, LibreOffice inasoma nyaraka za Word, na mwenye mashine anaondoka ameridhika.

Kisha siku moja printa inagoma, na fundi anamwambia kwa simu: "Fungua teminali, andika hivi ninavyokutajia." Linatokea dirisha jeusi lenye herufi nyeupe, na hofu inaanza. Wapo wanaosema hilo ni dirisha la wadukuzi. Wapo wanaosema ukikosea herufi moja mashine imekufa. Wengine wanasema kama hukusomea kompyuta, usiguse. Maneno hayo yananisikitisha, kwa sababu yanawanyima watu chombo ambacho hakili bando, kinakwenda hata kwenye mashine dhaifu, na kinaweza kumaliza kwa dakika moja kazi ya kusahihisha iliyokuwa ikae saa nzima.

Kwa nionavyo, wingi wa amri siyo unaowachanganya watu. Wanachanganyikiwa kwa kutojua kitufe wanachobonyeza kinapokelewa na nani.

Tuanze na majina. Linux yenyewe ni kiini cha mfumo, sehemu inayogawa kumbukumbu, diski na prosesa kwa programu zote. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, Finland, na simu yako ya Android ina kiini hicho hicho ndani. Teminali ni dirisha tu: inapokea herufi na kuonyesha herufi. Ndani ya dirisha hilo kuna programu inayoitwa sheli, ambayo husoma ulichoandika, hukichambua, kisha huita programu nyingine ifanye kazi. Sheli utakayoikuta kwenye Ubuntu na Mint ni Bash, ambayo Brian Fox aliitoa mwaka 1989 kwa ajili ya GNU, mradi wa programu huria. Na amri kama `ls`, `grep` au `nano` ni programu zinazojitegemea, kila moja na kazi yake.

Chukua duka la jumla la pale Ngamiani, lile la kaunta. Huingii ndani kuchagua mwenyewe. Unasimama kaunta, unataja unachotaka, muuzaji anakusikiliza, kisha anamtuma kijana stoo. Kaunta ni teminali, muuzaji ni sheli, kijana wa stoo ni amri. Ukisema "mchele" utaletewa mchele wowote. Ukiongeza "kilo tano, usio na chenga", umeweka masharti, na kwenye Linux masharti hayo ni yale maneno yanayoanza na kistari, kama `-n` au `-i`. Kijana akitoka stoo na kukuuliza jambo, wakati huo unaongea naye yeye, muuzaji amekaa pembeni. Ndivyo ilivyo pia ukifungua `nano`, programu ya kuhariri maandishi, ndani ya teminali: dirisha ni lile lile, lakini sheli imekaa pembeni na anayesikiliza sasa ni nano.

Tazama kitufe kimoja tu, Ctrl+U. Kwenye sheli kinafuta kila kilicho kushoto mwa kasa, yaani ile alama inayoonyesha herufi itaingia wapi. Kwenye nano kinabandika mstari uliokata. Kwenye Vim, programu nyingine ya kuhariri maandishi, ukiwa hujaanza kuandika, kinakupandisha nusu ukurasa. Kwenye LibreOffice kinapigia neno mstari. Kwenye Firefox kinakufungulia msimbo wa ukurasa. Ni kibodi ile ile, vidole vile vile, wasikilizaji watano. Mtu asiyelijua hili ataapa kwamba Linux haina utaratibu.

Basi tuanze na sheli, kwa kuwa ndiyo utakayokutana nayo kila siku. Umeandika amri ndefu, na mwishoni unagundua neno la kwanza limekosewa. Wengi hubonyeza mshale wa kushoto mpaka kidole kinauma. Ctrl+A inakupeleka mwanzo wa mstari mara moja, Ctrl+E inakurudisha mwisho. Ctrl+W inakata neno lililo nyuma ya kasa, Ctrl+K inakata kuanzia hapo ulipo hadi mwisho, na Ctrl+Y inakirudisha kilichokatwa. Hicho kilichokatwa hakijapotea, na hapo ndipo uzuri ulipo: ukiwa katikati ya amri ndefu ukakumbuka kwamba kuna jambo la kufanya kwanza, bonyeza Ctrl+A kisha Ctrl+K, fanya hilo jambo, halafu Ctrl+Y, na amri yako inarudi nzima. Vitufe hivi vimerithiwa kutoka Emacs, programu ya kuhariri ambayo mizizi yake iko chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1976. Bash inavipata kupitia maktaba iitwayo Readline, na programu nyingine nyingi za teminali zinaitumia maktaba hiyo hiyo, kwa hiyo ukivizoea hapa vitakufaa na huko.

Tab ndiyo kitufe ninachowasisitizia watu kuliko vyote. Andika herufi mbili tatu za jina la faili, bonyeza Tab, sheli inamalizia. Ikinyamaza, bonyeza mara ya pili na itakuonyesha majina yote yanayoanza hivyo. Faida yake inazidi kasi. Tab ikikataa kumalizia jina, inakuambia kabla hujakosea kwamba faili hilo halipo hapo, au umelikosea herufi. Kwenye Linux `Mauzo.txt` na `mauzo.txt` ni mafaili mawili tofauti, jambo linalowasumbua sana waliotoka Windows, na Tab inawaokoa kimya kimya.

Kingine ni Ctrl+R. Bash inaweka kumbukumbu ya amri zako kwenye faili liitwalo `.bash_history`. Bonyeza Ctrl+R, andika kipande chochote unachokikumbuka, nayo inakuletea amri ya karibuni yenye kipande hicho. Ukitaka ya nyuma zaidi, bonyeza tena. Enter inaiendesha, mshale wa kulia unakuachia uirekebishe kwanza, Ctrl+G inaghairi. Fundi akishakusaidia jambo la printa mwezi wa pili, mwezi wa tano huna haja ya kumpigia. Ile amri bado unayo.

Na ukiendesha amri ikakataa kwa kuwa inahitaji ruhusa ya msimamizi, usiiandike upya. Andika `sudo !!` na sheli itaweka amri iliyopita mahali pa hizo alama mbili. Itakuuliza nenosiri, na kwenye baadhi ya mifumo hutaona nyota wala nukta unapoandika. Kibodi haijafa. Herufi zinaingia, zimefichwa tu hata idadi yake, ili aliye nyuma yako asizihesabu. Andika, bonyeza Enter.

Sasa vitufe vinavyotisha. Mtu aliyezoea kuhifadhi kwa Ctrl+S anaibonyeza kwenye teminali, na ghafla hakuna kinachoonekana. Anaandika, kimya. "Kaka, imeganda, niizime?" Usizime, dada. Bonyeza Ctrl+Q. Ctrl+S ni agizo la tangu enzi za mashine zilizokuwa zinachapa kwenye karatasi, lenye maana ya "simama kidogo", na Ctrl+Q maana yake "endelea". Hapa anayekusikiliza hata sheli siyo, ni sehemu ya kiini cha mfumo inayosimamia teminali. Kazi yako iko pale pale, na vile ulivyokuwa unaviandika gizani vitajitokeza vyote ukibonyeza Ctrl+Q. Asiyetaka kukutana na jambo hili tena aweke mstari huu kwenye faili lake la `.bashrc`, lile la mipangilio ya Bash:

stty -ixon

Ctrl+C nayo kwenye teminali haikopi. Inaikatiza programu inayoendelea. Kukopi ni Ctrl+Shift+C, kubandika ni Ctrl+Shift+V. Na Ctrl+Z, ambayo kwenye Word inarudisha nyuma kosa, hapa inailaza programu. Wengi huitumia kutoroka Vim, wanaona wamerudi kwenye sheli, wanadhani wametoka. Hawajatoka. Vim imelala na faili lao bado liko wazi ndani yake. Wakilifungua tena wanapata onyo refu la kiingereza lenye namba E325, kuhusu faili linaloishia na `.swp`, na hapo ndipo wengine hukata tamaa. Andika `jobs` uone kilicholala, kisha `fg` ukiamshe, na utajikuta pale pale ulipoacha.

Nimeitaja Vim, basi tuimalize. Anayeanza simshauri aanze nayo. Aanze na nano, ambayo imejieleza yenyewe chini ya skrini. Anachotakiwa kujua ni kwamba ile alama ya `^` pale chini maana yake Ctrl, na `M-` maana yake Alt. Kwa hiyo `^O` ni kuhifadhi, `^X` ni kutoka, `^W` ni kutafuta, `^K` ni kukata mstari, na `M-U` ni kurudisha kosa. Kwa faili dogo la mipangilio, nano inatosha kabisa, na hakuna aibu yoyote kuitumia miaka yote.

Lakini Vim, au nduguye mkubwa vi, utakutana nayo tu, kwa sababu iko karibu kwenye kila seva. Bill Joy aliandika vi mwaka 1976 akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na teminali aliyoitumia, ADM-3A, ilikuwa na mishale iliyochorwa juu ya herufi h, j, k na l. Ndiyo maana mpaka leo herufi hizo zinasogeza kasa. Programu hii ina hali mbili kuu. Ukiifungua, kila herufi ni agizo: `dd` inafuta mstari, `u` inarudisha, `p` inabandika. Ukibonyeza `i`, herufi zinakuwa maandishi. Esc inakurudisha kwenye maagizo. Ukikwama usijue uko wapi, bonyeza Esc, andika `:q!`, bonyeza Enter, na umetoka bila kuhifadhi. Ukitaka kuhifadhi na kutoka, `:wq`. Hata hapa swali ni lile lile la nani anasikiliza, safari hii ndani ya programu moja.

Vim ina historia inayotugusa watu wa Afrika Mashariki. Mwandishi wake, Bram Moolenaar wa Uholanzi, aliyefariki mwaka 2023, aliitoa Vim mwaka 1991, na mwaka 1994 alijitolea kama mhandisi wa maji na usafi huko Kibaale, kusini mwa Uganda. Kwa miaka mingi ukifungua Vim bila faili, ukurasa wake wa kwanza ulikuwa unawaomba watumiaji wa dunia nzima wawasaidie watoto wa Uganda. Programu aliigawa bure, na aliyetaka kumshukuru alielekezwa atume mchango kule.

Tuingie sasa kwenye kazi yenyewe ya kusahihisha maandishi, maana ndiyo inayowalipa watu wa steshenari. Una faili la mauzo lenye mistari mamia, kila mmoja na tarehe, kazi, kata ya mteja na malipo:

05/01 fotokopi Chumbageni 2000
05/01 laminesheni Makorora 1500
06/01 kuprinti Chumbagen 3000
07/01 skani Mabawa 1000

Mtu fulani alikuwa anaandika "Chumbagen" bila i ya mwisho, na ukijumlisha kwa kata, Chumbageni inagawanyika mara mbili. Wa kwanza kuitwa ni `grep`, kazi ya Ken Thompson tangu mwaka 1973, inayotafuta mistari yenye neno fulani:

grep -n Chumbagen mauzo.txt

Sharti la `-n` linaonyesha namba za mistari. Ila utaletewa na mistari iliyo sahihi, kwa sababu ndani ya "Chumbageni" imo "Chumbagen". Grep haijui kata za Tanga, inalinganisha herufi. Ongeza `-w`, yaani neno zima:

grep -nw Chumbagen mauzo.txt

Hapo vinabaki vilivyokosewa tu. Kubadilisha ni kazi ya `sed`, na hapa mtego ni ule ule, tena mkali zaidi. Ukiiambia ibadilishe Chumbagen kuwa Chumbageni bila kuweka mpaka wa neno, itayavamia na yaliyo sahihi na kuyafanya "Chumbagenii". Kosa la mistari michache linakuwa la faili zima. Mpaka wa neno unawekwa kwa `\b`:

sed 's/Chumbagen\b/Chumbageni/g' mauzo.txt

Herufi `s` inasema badilisha, na `g` inasema kila panapotokea kwenye mstari. Ukiiendesha hivi, sed inakuonyesha matokeo kwenye skrini, faili lenyewe haligusi. Soma. Ukiridhika, ndipo uirudie kwa mshale wa juu na kuongeza sharti la kuandika ndani ya faili, ukiwa umeacha nakala ya zamani:

sed -i.bak 's/Chumbagen\b/Chumbageni/g' mauzo.txt

Sasa unalo `mauzo.txt` lililosahihishwa na `mauzo.txt.bak` la zamani. Watu huandika `-i` peke yake kwa haraka, na nakala hawaachi. Herufi nne za `.bak` hazimcheleweshi mtu.

Kuna njia wanayoijaribu wengi kabla ya kuijua `-i`, nayo inaumiza:

sed 's/Chumbagen\b/Chumbageni/g' mauzo.txt > mauzo.txt

Wanaamini sed itasoma faili, itasahihisha, kisha itarudisha humo humo. Baada ya Enter, faili liko tupu, na lawama inakwenda kwa sed. Sed haina kosa. Alama ya `>` haikufika kwake kabisa, ni agizo la sheli. Sheli ilipoiona, ililifungua `mauzo.txt` na kulisafisha tayari kwa kuandikwa, kabla ya kuita sed. Sed ilipofika ikakuta hakuna cha kusoma. Ukitaka kuongeza chini ya faili bila kufuta kilichomo, alama ni mbili, `>>`, nazo pia zinashughulikiwa na sheli.

Nyota ni vivyo hivyo. Ukiandika `rm *.bak`, amri ya kufuta haioni nyota. Sheli ndiyo inayotazama folda, inaorodhesha majina yote yanayoishia na `.bak`, inampa `rm` orodha iliyokamilika. Ukichomeka nafasi kwa bahati mbaya, `rm * .bak`, sheli inaelewa kwamba umetaja kila faili lililomo kwenye folda, kisha na kitu kingine kiitwacho `.bak`. Kabla ya kufuta kwa nyota, weka `echo` mbele, yaani `echo rm *.bak`, na sheli itakuonyesha orodha bila kufuta chochote. Jina lenye nafasi, kama `mauzo ya Januari.txt`, sheli italipasua vipande vitatu usipolizungushia alama za kunukuu. Zile alama moja moja kwenye amri ya sed hapo juu zina kazi hiyo hiyo ya kuiambia sheli isiguse kilichomo ndani.

Kwa hiyo dhana ya kuua mashine kwa herufi moja ina ukweli kidogo, lakini umewekwa mahali pasipo pake. Neno lililokosewa kwa kawaida linakupa jibu la kwamba amri haikupatikana, basi. Mafaili ya mfumo yanalindwa na huwezi kuyagusa bila `sudo`. Kilicho hatarini ni kazi yako mwenyewe, kwa sababu `rm` haina kapu la taka. Kwenye Ubuntu na Mint unaweza kutumia `gio trash` ikifuatiwa na jina la faili, nalo litakwenda kwenye kapu la kawaida ambamo linaweza kurudishwa. Na amri yoyote yenye `sudo` uliyoikuta mtandaoni, isome neno kwa neno kabla ya Enter. Usipolielewa neno, andika `man` na jina la amri. Maelezo yake kwa kawaida yamo kwenye mashine tayari, yanafunguka hata usipokuwa na intaneti, na unatoka kwa kubonyeza `q`.

Habari ya wadukuzi isitupotezee muda. Seva zinazoendesha sehemu kubwa ya tovuti duniani zinasimamiwa kwa dirisha hilo hilo, na wanaolitumia kutwa ni wafanyakazi wa kawaida.

Asiye na laptopu anaweza kufanya mazoezi kwenye simu ya Android kwa programu iitwayo Termux, ambayo inakupa Bash halisi. Bando linatumika kuipakua na kuongeza programu kama Vim. Baada ya hapo mazoezi hayaligusi.

Jambo la mwisho ni la wenye mashine zinazotumiwa na watu wengi, kama zilivyo nyingi za steshenari. Ile kumbukumbu ya Ctrl+R inahifadhi kila kitu, pamoja na nenosiri ulilolichomeka ndani ya amri kwa haraka. Usiliandike humo, iache programu ikuulize yenyewe. Ikibidi, anza amri kwa nafasi moja tupu, kwani kwa mpangilio unaokuja na Ubuntu, Bash haiweki kwenye kumbukumbu mstari ulioanza hivyo. Na kama limeshaingia, andika `history`, itazame namba ya mstari wenyewe, tuseme 412, kisha ulifute kabla hujafunga dirisha:

history -d 412

Ukiliwahi hivyo, kwenye faili halitafika, maana Bash kwa kawaida huandika kumbukumbu ya kikao kwenye diski pale unapotoka.